Wakimbiaji Wanakamatwa Ovyo: Kusaka Kosa Kwenye Mipangilio ya Kukimbia Besi

Wengi wetu tulioingia kwenye besiboli ya kompyuta tumetokea Football Manager, gemu ya kusimamia timu ya soka, na tumekuja na mazoea ya huko. Timu ikizubaa unaongeza kasi, nayo inacheza haraka. Kwenye besiboli mazoea hayo yanakuponza. Unasogeza slaida ya kuiba besi (ile alama ya kuteleza ya kuongeza au kupunguza mpangilio) hadi mwisho wa kulia ukidhani timu itakuwa nyepesi, kumbe umempa ruhusa hata mdakaji wako, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mwenye magoti ya mzee naye akajaribu bahati yake. Anakamatwa hatua nne kabla ya kufika, na wewe unaandika malalamiko kwamba gemu ni mbovu.

Slaida ya kukimbia haimwongezei mtu kasi hata chembe. Ni ruhusa tu. Inamwambia meneja wa kompyuta ajaribu mara nyingi kiasi gani, na miguu inabaki ile ile. Malalamiko mengi yaliyo hapa chini yanaanzia hapo.

Maneno nitakayotumia: besi ni vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka, cha mwisho kikiitwa nyumbani, auti ni mtu aliyetolewa, iningi ni raundi ambayo kila timu inapiga hadi ipate auti tatu, pointi ni mkimbiaji aliyezunguka besi zote akafika nyumbani, na wizi ni pale mkimbiaji anapochomoka kwenda besi inayofuata wakati mrushaji anamrushia mpigaji mpira, bila kusubiri upigwe. Timu ina auti 27 katika mechi ya iningi 9. Hizo ndizo fedha zako, na kila mkimbiaji anayekamatwa ametumia moja bila kununua kitu.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili la ligi yako uliweke folda nyingine. Usiseme utafanya baadaye. Mimi umeme ulikatika gemu ikiwa katikati ya kuhifadhi, nikiwa nimebakiza mechi ishirini na kitu kumaliza msimu wa mechi 162, na faili halikufunguka tena. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi wa pili wa msimu.

Kisha fanya hesabu, na uifanye kwa mchezaji mmoja mmoja. Chukua wizi uliofaulu, gawanya kwa majaribio yote. Timu inaweza kuonyesha asilimia 72 ikakuridhisha, kumbe wawili wana 85 na wengine sita wana 50. Dawa ya hali hiyo haifanani kabisa na dawa ya timu ambayo kila mtu ana 72.

Halafu badilisha kitu kimoja, cheza mechi 30 au 40, angalia tena. Ukibadilisha slaida tano usiku mmoja hutajua ipi iliponya na ipi iliongeza ugonjwa.

Dalili: wanakamatwa mno wakiiba

"Mno" ni ngapi? Tunayo hesabu ya kweli ya kutusaidia. Katika ligi kuu ya Marekani kati ya 2010 na 2015, timu yenye mtu besi ya kwanza bila auti ilipata kwa wastani pointi 0.86 hadi mwisho wa iningi. Mtu huyo akiwa besi ya pili, bila auti, wastani ulikuwa 1.10. Lakini akikamatwa, besi zinabaki tupu na auti moja, na wastani unashuka hadi 0.25. Kwa hiyo ukifaulu unapata 0.24, ukikamatwa unapoteza 0.61. Piga hesabu utaona unahitaji kufaulu kama mara 71 au 72 katika kila 100 ili usile hasara. Ukiwa na auti moja au mbili jibu halihami sana, linabaki kati ya 70 na 73.

Basi chini ya asilimia 70, kuiba kunakula timu yako. Kati ya 70 na 75 unazunguka palepale. Juu ya 80 ndipo pana chakula.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni ruhusa kufika kwa wasiostahili. Panga orodha ya wachezaji kwa idadi ya kukamatwa. Ukiona majina ya watu wazito pale juu, shusha slaida ya timu nzima hadi chini ya katikati, halafu nenda kwenye mipangilio ya mchezaji mmoja mmoja uwape ruhusa ya juu wawili au watatu wanaojua kazi. Gemu nyingi nzito, Out of the Park Baseball ikiwamo, zinakuruhusu kumwekea mchezaji maagizo yake mwenyewe tofauti na ya timu. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Slaida ya timu iwe ya wale waliobaki.

Sababu ya pili ni kuchanganya kasi na ujuzi wa kuiba. Kuna kiwango cha kasi, kuna cha kuiba, kuna cha kukimbia besi mpira ukishapigwa. Ni vitu vitatu. Kijana anaweza kukimbia kama swala lakini akawa hajui kumsoma mrushaji, anachomoka kwa kuchelewa. Kutoka besi hadi besi ni futi 90, mita 27.4. Mrushaji hutumia kama sekunde 1.3 kuufikisha mpira kwa mdakaji, na mdakaji hutumia kama sekunde 2.0 kuudaka na kuutupa ufike besi ya pili. Jumla ni sekunde 3.3. Hapo robo ya sekunde iliyopotea mwanzoni hairudishwi na miguu. Ukitafuta mwizi, tazama kiwango cha kuiba kwanza, kasi baadaye.

Sababu ya tatu inachekesha lakini nimeikuta mara nyingi: mtu anasoma vipimo kwa mizani isiyo yake. Kwenye mizani ya maskauti (watafuta vipaji) ya 20 hadi 80, wastani ni 50, na 60 ni mchezaji mzuri. Kwenye mizani ya 1 hadi 100, 60 hiyo hiyo inaweza kuwa mtu wa kawaida tu. Fungua mipangilio ya maonyesho uone gemu yako inatumia mizani ipi kabla hujamwita mtu mwizi hodari. Gemu ya Diamond Mind inaepuka shida hiyo kwa kutumia maneno, kutoka duni hadi bora kabisa.

Kisha kuna wapinzani. Labda mwezi huu umekutana na wadakaji wenye mikono ya chuma mfululizo. Ipe muda.

Na mwisho kabisa, bahati. Mtu ambaye kwa uwezo wake halisi hufaulu mara 80 katika 100, ukimpa majaribio 20 tu, karibu mara moja katika kila tano atatoka na mafanikio 14 au pungufu. Yaani utamwona ana asilimia 70 au chini, umnyang'anye ruhusa, na hana kosa lolote. Chini ya majaribio 30 mimi simhukumu mtu.

Niongeze jambo moja kwa wale wanaotamani rekodi. Mwaka 1982 Rickey Henderson aliiba besi 130, rekodi ya zama za sasa, na mwaka huo huo alikamatwa mara 42. Hiyo ni asilimia 75.6. Ukihesabu kila wizi kuwa pointi 0.2 hivi na kila kukamatwa kuwa hasara ya 0.43, faida yote ya msimu ule ni kama pointi 8. Nane, kwa majaribio 172! Tim Raines aliiba 808 katika maisha yake ya uchezaji akakamatwa 146, asilimia karibu 85. Ukitaka kuigiza mmoja kwenye gemu yako ili ushinde mechi, muige Raines.

Dalili: mwenye kasi nimempa ruhusa yote, na bado haendi

Angalia kwanza besi iliyo mbele yake. Ikiwa anayempigia mbele katika mpangilio wa wapigaji ni mtu mzito anayefika besi mara kwa mara, mwizi wako atakuwa anasimama besi ya kwanza huku mzito amekaa ya pili, amemfungia njia. Hili ndilo jibu mara nyingi kuliko yote, na halihusu slaida. Msogeze mwizi awe wa kwanza katika orodha, au mtangulize mbele ya huyo mzito.

La pili, je, anafika besi? Huwezi kuiba besi ya pili ukiwa umekaa benchi. Tazama asilimia yake ya kufika besi. Kama ni .270 (yaani mara 27 katika 100) na wenzake wana .340, hesabu zake ndogo za wizi ni za kutokufika, si za kutokuthubutu.

La tatu, maagizo yake binafsi yamebaki kwenye "fuata timu", na timu umeishusha kwa sababu ya dalili ya juu. Hapo umemfunga wewe mwenyewe bila kujua.

Baada ya hapo angalia hali ya mechi. Meneja wa kompyuta katika gemu nyingi hatumi mwizi timu ikiwa nyuma kwa pointi nyingi, na yuko sahihi: ukiwa nyuma kwa tano unahitaji watu kwenye besi, hatua moja ya mbele haikusaidii. Vivyo hivyo mrushaji wa mkono wa kushoto akiwa uwanjani, kwa sababu akijiandaa kurusha anaitazama besi ya kwanza uso kwa uso. Timu yako ikikutana na wa kushoto wanne mfululizo, wizi utapungua na hakuna kilichoharibika.

Besi ya tatu ina habari zake. Kama mwizi wako haibi ya tatu kukiwa na auti mbili, mshukuru meneja. Kutoka ya pili kwenda ya tatu na auti mbili kunapandisha wastani kutoka 0.32 hadi 0.35 tu, kwa hiyo unahitaji kufaulu asilimia 90. Bila auti unahitaji 77. Na auti moja ndiyo nafuu, 66.

Dalili: wanauawa (yaani wanatolewa auti) nyumbani na besi ya tatu

Hapa ndipo pointi nyingi zinapopotea, na ndipo watu wanapopaangalia kwa uchache, kwa sababu takwimu zake hazikai ukurasa wa mbele kama za wizi. Tunazungumzia slaida ya pili, ile ya kukimbia besi au kuchukua besi ya ziada mpira ukishapigwa. Watu wanadhani ni ndugu wa slaida ya kuiba wanaisogeza pamoja nayo. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Chukua mkimbiaji aliye besi ya pili, mwenzake anapiga pigo la besi moja. Je, aende nyumbani au asimame ya tatu? Kwa hesabu ile ile ya 2010 hadi 2015, na tukimwacha mpigaji besi ya kwanza, kumtuma kunalipa kama ana nafasi hizi za kufika:

- hakuna auti: asilimia 94
- auti moja: asilimia 70
- auti mbili: asilimia 39

Tazama umbali kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho. Bila auti, mtume tu akiwa na uhakika wa karibu kila kitu, maana akibaki ya tatu kuna wapigaji watatu wa kumleta. Na auti mbili, hata akiwa na nafasi pungufu ya nusu, mtume, kwa sababu wapigaji wengi wanaomfuata wataishia auti na yeye atabaki ameganda pale tatu. Slaida moja tu ya kukimbia haiwezi kuwa sahihi katika hali zote tatu. Kwa hiyo ukiona watu wanauawa nyumbani, swali la kwanza ni hili: auti zilikuwa ngapi?

Fungua kumbukumbu za mechi kumi, ile sehemu inayosimulia tukio moja moja, na uandike kila aliyekufa nyumbani pamoja na idadi ya auti. Kama wengi wamekufa na auti mbili, usiguse kitu hata kama roho inauma. Kama wamekufa bila auti au na moja, endelea.

Sababu ya kwanza hapo ni slaida kuwa juu mno kwa timu nzima. Ishushe hatua moja. Gemu ikiruhusu mipangilio kwa idadi ya auti, acha ya auti mbili juu na ushushe ya sifuri peke yake.

Sababu ya pili ni mikono ya walinzi wa nje, wale wanaolinda sehemu ya mbali ya uwanja. Strat-O-Matic, iliyobuniwa na Hal Richman na kuanza kuuzwa 1961 kama mchezo wa kadi na dadu, inaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko programu nyingi za leo. Mkimbiaji ana namba, ya juu kabisa 17. Mlinzi wa nje ana namba ya mkono, ambayo ikiwa nzuri ni ya kutoa. Mkimbiaji wa 15 akikabili mkono wa kutoa 3 anabaki na 12, na dadu lina pande 20. Nafasi ya asilimia 60. Na auti mbili hiyo ni zawadi, na auti moja ni hasara. Gemu ya kompyuta inafanya kitu cha jamii hiyo ndani ya tumbo lake, ila haikuonyeshi. Kabla ya mfululizo wa mechi na timu yenye mlinzi wa kulia mwenye mkono mkali, teremsha slaida kidogo.

Sababu ya tatu ni kile kiwango cha tatu nilichokitaja, ujuzi wa kukimbia besi. Mwenye kasi ya 65 na ujuzi wa 35 ni mtu anayekimbia vizuri kuelekea mahali pabaya. Mpe maagizo yake mwenyewe, ya chini.

Kuhusu kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa pigo la besi moja, unahitaji asilimia 73 ukiwa na auti sifuri au moja, na 90 ukiwa na mbili. Makocha wa Marekani wana usemi wa zamani kwamba auti ya kwanza wala ya tatu isipatikane besi ya tatu. Kwa auti ya tatu namba zinawaunga mkono kabisa.

Dalili: kila mtu anasimama ya tatu, wapigaji wanapiga na pointi haziingii

Kinyume chake. Mara nyingi ni wewe uliyeshusha slaida kwa hasira baada ya mtu kuuawa nyumbani kwenye mechi kubwa. Ipandishe hadi katikati. Kama kuna kipengele cha mkimbiaji kurudi kugusa besi na kwenda mpira wa juu ukidakwa, hakikisha hakijazimwa, maana hapo pointi ya bure inapotea. Ikiwa slaida iko katikati na bado wanasimama, timu yako ni nzito tu. Hakuna mpangilio utakaolitibu hilo. Nunua mchezaji.

Dalili: iningi nzuri zinakufa kwa banti na piga-ukimbie

Banti ni kuugusa mpira taratibu ubingirike karibu, mpigaji ajitoe auti ili mwenzake asogee besi moja. Mtu besi ya kwanza bila auti, 0.86. Mtu besi ya pili na auti moja, 0.66. Umelipa kusogea. Kwa hiyo slaida ya banti ya kujitoa iwe chini kabisa kwa kila mpigaji wa kawaida, na uiache ipande tu mwishoni mwa mechi pale pointi moja inapoamua, hasa kumsogeza mtu kutoka besi ya pili kwenda ya tatu bila auti. Sheria ya sasa ya ligi kuu, iliyoanza 2020 na kufanywa ya kudumu 2023, inaweka mkimbiaji besi ya pili mwanzoni mwa kila iningi ya nyongeza. Gemu yako ikiwa na sheria hiyo, banti ina maana kuanzia iningi ya 10 ukiwa timu ya nyumbani na matokeo yako sawa.

Kwenye piga-ukimbie, mkimbiaji anachomoka na mpigaji analazimika kupiga chochote kinachokuja. Ukimpa mpigaji anayekosa mpira mara kwa mara, mkimbiaji wako amebaki njiani kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Ruhusu kwa wapigaji wanaogusa mpira, wazuie wale wa homurani, wanaotaka kuuvusha mpira nje ya uwanja. Na jihadhari: mkimbiaji akikamatwa kwenye piga-ukimbie huandikwa amekamatwa akiiba. Nimewahi kuhangaika wiki nzima na slaida ya wizi wakati ugonjwa ulikuwa huku.

Dalili: wananaswa besi ya kwanza kabla hata mpira haujarushwa

Slaida ya wizi iliyo juu mno, au mrushaji wa kushoto mjanja. Kama gemu ina mpangilio wa umbali wa kujitenga na besi, upunguze hatua moja. Wachache kwa msimu ni kawaida. Mtu mmoja akinaswa mara nyingi mno, mnyime ruhusa dhidi ya warushaji wa kushoto.

Dalili: wapinzani wanatuibia

Watu wanakimbilia kupandisha slaida ya kumshikilia mkimbiaji karibu na besi. Inasaidia, lakini mlinzi wa besi ya kwanza akibaki kwenye besi anaacha pengo upande wa kulia na mapigo yanapita. Anza na mdakaji: tazama kiwango cha mkono wake. Kisha mrushaji: kuna kiwango cha kuzuia wakimbiaji, na warushaji wengine wana mwendo mrefu ambao hakuna mdakaji awezaye kuufidia. Shikilia wezi pekee, usimshikilie kila mtu.

Dalili: ligi nzima inaiba kama wazimu, au haibi kabisa

Kama timu zote ziko hivyo, tatizo halipo kwenye ukurasa wako wa mbinu. Tazama mwaka au zama ambazo ligi imewekewa. Besiboli ya 1985, mwaka ambao Vince Coleman wa St. Louis aliiba 110 akiwa mgeni kwenye ligi kuu, si besiboli ya 2022. Mwaka 2022 timu zote 30 ziliiba 2,486 kwa jumla. Mwaka uliofuata besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa mipaka ya kujaribu kumnasa mkimbiaji, na saa ya kurusha ikaanza kufanya kazi. Jumla ikaruka hadi 3,503, na mafanikio yakafika kama asilimia 80. Kwa hiyo ligi uliyoianzisha na takwimu za 2022 na jirani yako aliyeanzisha na za 2023 mna michezo miwili tofauti, na ushauri wake kwako unaweza kukuumiza.

Dawa ni kuweka zama sahihi, na ifanyike baada ya msimu kumalizika. Usibadilishe vigezo vya ligi katikati ya msimu. Kwenye baadhi ya gemu programu hupiga upya hesabu za ligi nzima, na rekodi za nusu ya kwanza hazitalingana na za pili.

Dalili: nabadilisha, hakuna kinachobadilika

Anza na la aibu: ulibonyeza kuhifadhi? Kisha, je, umebadilisha timu ya wakubwa au ya akiba? Kisha angalia kama kuna mbinu nyingine inayochukua nafasi ya ile uliyobadilisha, mfano ile ya iningi za mwisho au ya dhidi ya warushaji wa kushoto. Kisha maagizo ya mchezaji binafsi, ambayo kwa kawaida hushinda ya timu. Kisha angalia kama meneja wa kompyuta amepewa mamlaka ya kupanga mbinu. Kama anayo, kila ukifungua asubuhi utakuta amerudisha vya kwake.

Kwenye ligi za mtandaoni kuna sababu moja zaidi, na huko ndiyo ya kwanza: hukutuma faili la timu yako kabla kamishna (msimamizi wa ligi) hajaendesha mechi, au ulilituma ukiwa na toleo la zamani la faili la ligi. Linganisha tarehe ya faili lako na la ligi. Usitume mara tatu kwa hofu.

Simama hapa, mwite mwenye dhamana

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyagusa mwenyewe.

Kwenye ligi ya mtandaoni, chochote kilicho nje ya timu yako ni cha kamishna: zama, vigezo, hali za wachezaji, matokeo. Hata kama una nywila ya msaidizi. Mwandikie, taja tarehe ya mechi, iningi, jina la mchezaji na ulichotarajia, umpe nafasi. Kamishna anayepokea ujumbe wa "wakimbiaji wangu ni wajinga" hana pa kuanzia.

Kama mkimbiaji anafanya jambo lisilowezekana, mathalani yuko besi mbili kwa wakati mmoja, au anaiba akiwa amekwisha kutolewa, hilo si suala la slaida. Acha kucheza faili hilo mara moja, maana kila mechi unayoongeza inazidi kuficha mahali kosa lilipoanzia. Tengeneza nakala, andika toleo la programu, tuma kwa watengenezaji kupitia njia yao ya msaada. Usifungue hifadhidata kwa programu nyingine ukijaribu kurekebisha kwa mkono. Nimeona mtu akirekebisha kiwango cha kasi cha mchezaji mmoja kwa njia hiyo, akahifadhi kwa muundo usio sahihi, na ligi ya miaka kumi na moja ikakataa kufunguka.

Na kama faili lenyewe linagoma kufunguka, usilifungue tena na tena. Programu nyingine huandika juu ya nakala ya akiba kila inapojaribu, na jaribio la tano ndilo linaloweza kufuta nakala nzima iliyokuwa imebaki. Hamisha folda yote mahali pengine kwanza, ndipo uombe msaada.